Kwa Nini Oda Yenye Bidhaa Saba Ilionyesha Moja

Baadhi ya wateja wetu wenye maduka ya jumla wametuuliza kwa nini, kabla ya marekebisho ya hivi karibuni ya programu yetu, mtu aliyetafuta oda zenye sukari aliletewa oda hizo zikiwa na sukari peke yake, ilhali mchele, mafuta na sabuni vilivyoagizwa pamoja nayo havikuonekana. Hakuna kilichofutwa. Kosa lilikuwa letu, na lilitokana na mahali tulipoweka kichujio.

Katika hifadhidata, oda hukaa kwenye jedwali moja na bidhaa zake kwenye jingine, kila bidhaa na safumlalo yake. Ili skrini ipate oda na bidhaa zake zote kwa mara moja, tunaiagiza PostgreSQL, programu inayoendesha hifadhidata yetu, iunganishe majedwali hayo, kisha ikusanye bidhaa za kila oda katika orodha moja ya JSON (muundo wa maandishi wa kubebea data) kwa kutumia amri ya json_agg. Sharti la WHERE, linalochagua safumlalo za kutumika, hutekelezwa kabla ya ukusanyaji huo. Tukiandika humo kwamba bidhaa iwe sukari, safumlalo za mchele na mafuta huondolewa kabla orodha haijaanza kuundwa, na jumla ya fedha inayohesabiwa kutokana na orodha hiyo hupungua pia. Hapo ndipo mhasibu hushtuka. Muuzaji wa kaunta anaweza kukaa wiki nzima bila kugundua.

Njia moja ya kurekebisha ni kutumia HAVING, ambayo hulipima kundi likiwa limeshakusanywa. Jibu lake ni sahihi, lakini hifadhidata hulazimika kukusanya kwanza oda zote, zikiwemo maelfu zisizohitajika, na hakuna faharasa (orodha ya kuharakisha utafutaji) inayoweza kusaidia kupekua JSON iliyoundwa papo hapo. Kwa sababu hiyo tumechagua EXISTS, yaani swali dogo ndani ya WHERE linalouliza kama oda ina angalau safumlalo moja ya sukari, bila kugusa muungano unaokusanya bidhaa. Oda huchujwa, bidhaa zake hubaki kamili.

Lipo pia sharti la FILTER, lililoingia PostgreSQL katika toleo la 9.4 mwaka 2014, ambalo huchagua kinachoingia kwenye orodha bila kuondoa oda yenyewe. Sisi hulitumia zaidi kwa oda iliyofunguliwa lakini haijawekewa bidhaa, kwa kuwa LEFT JOIN, muungano unaobakiza hata oda isiyo na bidhaa, huipa oda hiyo orodha yenye null moja (alama ya kukosekana kwa thamani) ndani yake, na skrini huchora mstari mtupu ambao wateja wameuita, kwa haki kabisa, bidhaa ya jini. Dawa yake ni hii:

coalesce(json_agg(b) FILTER (WHERE b.id IS NOT NULL), '[]')

Bila coalesce, oda hiyo ingerudisha null badala ya orodha tupu.

Ugumu huongezeka kwa sababu hoja zetu, yaani maswali tunayoiuliza hifadhidata, haziandikwi mara moja na kuachwa. Huundwa kipande kwa kipande kulingana na vichujio ambavyo mtumiaji ameviwasha: tarehe, tawi, bidhaa, hali ya malipo. Kila thamani aliyoiandika hupitishwa kama kigezo, $1, $2 na kuendelea, na kamwe haibandikwi ndani ya maandishi ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, maana huo ndio mlango wanaoupenda wadukuzi. Jina la safuwima la kupangia matokeo haliwezi kupitishwa kama kigezo, kwa hiyo huchaguliwa kutoka kwenye orodha tuliyoiidhinisha wenyewe.

Mtumiaji akichagua sukari na mchele kwa pamoja, je, anataka oda zenye vyote viwili au chochote kati ya hivyo? Masharti yote mawili yakiwekwa ndani ya EXISTS moja kwa AND, hapatikani kitu, kwa kuwa hakuna safumlalo moja iliyo sukari na mchele kwa wakati mmoja. Vyote viwili vinahitaji EXISTS mbili; chochote kinahitaji moja yenye = ANY($1). Kwa kuwa programu haiwezi kukisia nia ya mtu, tumeongeza kitufe cha kuchagua kati ya «Zote» na «Yoyote».

Ripoti za utafutaji wa bidhaa zilizochapishwa kabla ya marekebisho zinapaswa kuchapishwa upya. Ripoti za kufunga siku hazipiti kwenye kichujio hiki, kwa hiyo hazikuathirika.