Wapake bila kubania: harambee ya losheni ya jua kwa watoto wetu 14

Shikamooni wakubwa zetu, na habari zenu ndugu wote wa Igombe, mlio hapa mwaloni, mlio Mwanza mjini na mlio mbali zaidi.

Ninaandika kwa niaba ya kamati ya wazazi wa shule yetu ya msingi. Kazi hii nimepewa mimi kwa kuwa ndiye mwalimu ninayetunza kabati la huduma ya kwanza. Shuleni tuna watoto 14 wenye ualbino, kuanzia darasa la awali hadi la saba. Tunawaombea losheni ya jua, mashati ya mikono mirefu na kofia. Kabla sijataja fedha, naomba niwasimulie nilichokiona.

Mwezi Agosti, saa nne, wakati wa mapumziko, binti wa darasa la nne alitoa chupa yake ya losheni kwenye mkoba. Akaminya tone dogo kama punje ya choroko, akaligusisha puani na kwenye mashavu. Kisha akafuta mdomo wa chupa kwa kidole, na kilichopatikana akakipaka sikio moja. Nikamuuliza, na hilo la pili? Akajibu, "Mwalimu, mama amesema hii ifike Krismasi." Sikio ambalo halikupakwa lilikuwa na gamba gumu jekundu lisilobanduka tangu muhula uliopita. Tulimpeleka kliniki ya ngozi, daktari akaligandisha kwa baridi kali, likapona. Akatuambia tumewahi, maana magamba ya namna hiyo yakiachwa huweza kugeuka saratani.

Tangu siku hiyo nimewaangalia wote 14 wanavyopaka. Wote wanabania. Wanajua bei ya chupa kuliko sisi.

Losheni ya jua haibaniwi kama manukato. Ile namba ya SPF iliyoandikwa kwenye chupa, yaani kipimo cha kinga dhidi ya jua, hupimwa losheni ikiwa imepakwa nzito. Ukiipaka nyembamba, chupa ya 30 haikupi tena kinga ya 30, na mtoto anaungua huku akiamini amejikinga. Kwa uso na shingo, minya mistari miwili, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, kuanzia shinani hadi nchani. Ongeza ya masikio, kisogo na mikono. Ipakwe kama nusu saa kabla ya kutoka nje, irudiwe kila baada ya saa mbili, na mara tu mtoto akitoka jasho sana au akitoka ziwani.

Jua letu nalo mnalijua. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi, hutufikia ikiwa kali mwaka mzima, hata siku ya mawingu. Hapa mwaloni tunaongezewa. Mnaoanika dagaa mnajua mchanga unavyowaka ikifika saa sita, na maji yanavyong'aa hadi unafumba macho. Miale ile hupanda kutoka chini. Ndiyo maana mtoto mwenye kofia pana bado huungua kidevuni na chini ya masikio. Nawaomba sana akina mama wenzangu: hawa watoto wasitumwe kugeuza dagaa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Wapeni kazi ya kivulini.

Kuna mzazi aliuliza kikaoni, na aliuliza kwa haki kabisa: mbona hawa tu, wengine je? Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, yaani rangi ya asili ya ngozi, na hiyo ni kinga ya kuzaliwa nayo, ingawa si kamili. Mtoto mwenye ualbino amezaliwa na melanini kidogo mno au hana kabisa. Losheni kwake ni sawa na chandarua kwa mtoto mchanga.

Sasa hesabu. Tumeanza na nguo, kwa sababu shati likishashonwa linakinga mwaka mzima bila kuminywa. Mtoto akivaa mikono mirefu, soksi ndefu na sketi au suruali ya kufika chini, kinachobaki kupakwa ni uso, masikio, shingo na viganja kwa nyuma. Hapo chupa ya mililita 100 inakwenda kama siku nane, yaani chupa nne kwa mwezi. Duka la dawa limetukubalia 18,000 kwa chupa. Watoto 14 kwa miezi sita ni chupa 336, sawa na shilingi 6,048,000. Mashati mawili na kofia kwa kila mtoto ni 45,000, jumla 630,000. Yote ni 6,678,000. Wazazi tumeshachanga 1,140,000, zimebaki 5,538,000.

Wapo watoto wanaopata kliniki mafuta ya Kilisun, yanayotengenezwa Moshi, pale hospitali ya KCMC, mahususi kwa watu wenye ualbino. Ni mafuta mazuri na tunashukuru. Mtoto atakayekuwa nayo, fungu lake litajazia wengine.

Anayependa kununua chupa mwenyewe atazame mambo haya. Iwe SPF 30 au zaidi, na iandikwe kwamba inazuia UVA na UVB, aina zote mbili za miale ya urujuanimno. Usijinyime ukatafuta namba kubwa mno: 30 huzuia takriban asilimia 97 ya UVB na 50 huzuia 98, hivyo fedha ya chupa moja ya bei kubwa ni afadhali ituletee mbili. Soma tarehe ya kuisha muda. Mafuta ya nazi na ya mgando hulainisha ngozi tu, jua hayalizuii. Mkorogo usije kabisa shuleni kwetu, unaharibu ngozi na kuiacha wazi zaidi kwa jua.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa mbili asubuhi, chini ya miembe ya shule, ili tumalize kabla jua halijawa kali. Wavuvi mtakaokuwa mmetoka ziwani usiku na hamwezi kuja, mkabidhini mweka hazina wa kamati mchango wenu pale mnadani, naye atawaandikia risiti. Mwenye 1,000 alete, mwenye kitambaa alete kitambaa. Fundi cherehani amejitolea kushona bila malipo, atakuja na futi yake, na watoto wote 14 watapimwa siku hiyohiyo.