Risala ya Kikundi cha Wazalishaji wa Bidhaa za Mikono, Manispaa ya Tabora, kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kufunga Mafunzo ya Ufungashaji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, wakufunzi wetu, viongozi wa dini, mafundi cherehani na maseremala mliokuja kutuunga mkono, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha hapa. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu pamoja na majukumu mengi uliyonayo. Karibu sana.

Sisi ni kina mama na vijana tunaofungasha asali ya misitu ya miombo kutoka Sikonge, Uyui na Urambo, na tunatengeneza mishumaa ya nta, sabuni, vikapu na batiki. Hatuna kiwanda. Jiko ni la mwanakikundi mmoja, meza ni ya mwingine, mzani tunaazimana. Risala nyingi za vikundi huishia kwenye ombi la mashine, na mashine tunazihitaji kweli. Lakini leo tumeona tukueleze habari ya kifungashio, kwa sababu hapo ndipo bidhaa zetu nyingi zinapokwama, na ndipo mitaa yetu inapochafuka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika mafunzo haya tumejizoeza kuuliza swali moja kabla ya kununua kifungashio chochote: mteja akishatumia bidhaa, hiki kitakwenda wapi, hapa hapa Tabora? Majibu yanayotoka viwandani au katika miji mikubwa hayatutoshi. Nyumba nyingi za mitaani kwetu zina shimo la taka uani, na likijaa linachomwa. Moshi wake unaingia jikoni na vyumbani wanamolala watoto. Kwa hiyo hata kama kifungashio kimeandikwa kwamba kinaweza kurejelezwa, maandishi hayo hayamsaidii mtu yeyote kama hakuna anayekikusanya hapa. Chupa tupu za maji zinaokotwa kwa sababu zina mnunuzi. Mfuko mwembamba wenye tabaka la plastiki lililogandishwa na aluminiamu hauokotwi na mtu, kwa kuwa tabaka hizo haziachani kirahisi. Huo unaishia shimoni.

Sote tunakumbuka Juni 1, 2019, Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Uamuzi ule tuliupokea vizuri na mpaka leo tunaunga mkono. Ila jambo moja halijaeleweka vya kutosha sokoni. Mifuko mbadala tunayoiona kila duka, ile laini yenye rangi, watu wanadhani ni kitambaa. Ukiisogeza kwenye moto inayeyuka na kudondoka, maana imetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki. Kiwango kinataka isipungue gramu 70 kwa mita moja ya mraba ili iwe imara na itumike mara nyingi. Faida yake iko hapo tu, katika kurudiwa. Mteja anayepewa mpya kila anaponunua sabuni moja hajaliokoa jiji wala kijiji. Ndiyo maana kikundi chetu kimeacha kuutoa mfuko kama zawadi. Tunamuuliza mteja kwanza kama amekuja na kikapu.

Wakufunzi walituletea pia mfuko wa kaki wenye dirisha, unaopendwa sana siku hizi kwa kufungia karanga, viungo na majani ya chai. Kwa macho ni karatasi. Tulipouchana taratibu pembeni, karatasi ilikatika, lakini ndani kukabaki utando mwembamba unaovutika kama mpira. Huo utando ni plastiki, na dirisha nalo mara nyingi ni plastiki. Mfuko wa namna hiyo una kazi yake pale bidhaa inapohitaji kukingwa na unyevu. Tunachokataa ni kumwambia mteja kwamba ni karatasi tupu. Hata mifuko inayosifiwa kwamba inaoza yenyewe, mingi inahitaji mtambo maalumu wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60 kwa muda mrefu. Shimo la taka la uani halifiki huko.

Mheshimiwa, turuhusu tukae kidogo kwenye asali, maana ndiyo sura ya Tabora.

Asali hunyonya unyevu wa hewani. Maji yakizidi ndani yake inachacha, na viwango vya kimataifa vinataka yasizidi asilimia 20. Hivyo inahitaji chombo kisichopitisha hewa, na hapo karatasi haina kazi. Kwa miaka mingi asali yetu imeuzwa barabarani katika chupa za maji zilizokwishatumika. Chupa hizo zina mdomo mwembamba. Asali ikiganda haitoki, mteja anaiweka kwenye maji ya moto, chupa inajikunja, na mwishoni anaikata kwa kisu. Isitoshe, mnunuzi wa mbali akiiona asali nzuri ya miombo ndani ya chupa yenye alama ya maji ya mtu mwingine, anaanza kuitilia shaka. Anayepoteza ni mfugaji wa nyuki aliyekesha porini.

Sisi tumechagua chupa ya kioo yenye mdomo mpana kwa asali inayouzwa hapa mjini, na ndoo kubwa za plastiki za chakula kwa asali inayosafiri kati ya mfugaji na mfungashaji. Ndoo ile inaoshwa na kurudi kazini msimu baada ya msimu. Hatuichukii plastiki, tunaichukia inayotumika mara moja na kutupwa. Kioo nacho kina gharama yake, ni kizito na kinavunjika. Ila kinachemshwa na kutumika tena bila kubaki na harufu ya kilichokuwamo, na mteja akiturudishia chupa tunampunguzia bei anaponunua nyingine. Kifuniko ndicho hatukirudii ovyo. Mpira wake wa ndani ukishachubuka, au bati likianza kutu, hakizibi tena, na asali yote itachacha kwa kosa la kifuniko.

Kuna jambo dogo lililotufundisha mengi, nalo ni lebo. Stika ya plastiki yenye gundi kali inang'aa vizuri, lakini chupa ikirudi mwanakikundi anakaa na kisu akiikwangua. Sasa asali ya mjini tunaibandikia lebo ya karatasi kwa gundi ya uji wa muhogo. Inawekwa tabaka jembamba, inaachwa ikauke vizuri, na chupa ikirudi inalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu. Lebo inateleza yenyewe. Maelezo yote ya lazima yanaenea hapo: jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, tarehe ya kufungwa na ya mwisho wa matumizi, na mahali tulipo. Gundi hii haivumilii maji, na mende wanaipenda, kwa hiyo chupa zinakaa kwenye rafu kavu iliyofunikwa. Tumeukubali usumbufu huo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baadhi ya wageni wetu hutuuliza kwa nini tusirudi kwenye vyombo vya asili. Wazee wetu wa Kinyamwezi walikuwa na lindo, chombo cha mviringo cha gome la mti, na mizinga ya nyuki ilitengenezwa kwa magome hayo hayo. Tunauheshimu ufundi ule na tungependa vijana waujue. Lakini mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote, chakula kinachotoka kwenye majani hakishuki tena kwenye mizizi, na mti unakufa ukiwa umesimama. Miombo hiyo ndiyo inayotoa maua wanayotegemea nyuki. Hatuwezi kuifungia asali kwa kuua mti ulioizaa. Kwa hiyo kikundi kimeamua kutotumia gome kama kifungashio cha biashara, hata pale mtalii anapolililia.

Kitu tunachojivunia zaidi ni vitambaa vya nta. Mafundi cherehani wa mjini hutuachia vipande vya vitenge vinavyobaki chini ya mashine. Tunachagua vya pamba tu, kwa kuwa vya nyuzi za plastiki havinywi nta. Nta inayeyushwa katika sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto, maana ikiwekwa juu ya moto moja kwa moja inaweza kuwaka. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 60 na kitu. Kitambaa kinapakwa kwa brashi, kinaanikwa, na kikipoa kinashika umbo la mkono unaokikunja. Tunafungia mishumaa na zawadi, na mteja akifika nyumbani anakitumia kufunikia bakuli au kufungia mkate. Tunamwambia akioshe kwa maji baridi, asikiweke kwenye chakula cha moto wala asifungie nyama mbichi. Kikichakaa kabisa, kinawashia moto wa jikoni bila moshi wa plastiki.

Sabuni zetu zinahitaji wiki 4 hadi 6 za kukomaa kwenye rafu yenye hewa. Ukizifunga kwenye nailoni mapema zinatoa jasho na kulainika, hasa kati ya Novemba na Aprili mvua zinaponyesha. Utepe wa karatasi unaozunguka katikati unatosha, na mteja anapata kuinusa. Vikapu havihitaji kufungwa na chochote, kadi ndogo iliyoning'inizwa kwa kamba ya katani inatosha.

Mizigo ya mbali, iwe ya basi au ya treni, tunaipanga kwenye maboksi yaliyotoka madukani, na chupa tunazizungushia maranda makavu tunayopewa na maseremala. Maranda mabichi yanaleta ukungu. Gazeti tunajazia pembeni tu, kamwe haligusi chakula, kwa sababu ya wino. Na maboksi yote yanakaa juu ya chaga. Mheshimiwa unaijua ardhi ya Tabora: boksi likilala sakafuni usiku mchache, mchwa wameshafika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunafika kwenye yanayotukwaza. Kubwa kuliko yote ni kwamba viwanda vya chupa na vifuniko vinauza kwa kiasi kikubwa, na mzalishaji mmoja wa mikono hana mtaji wa kununua shehena nzima wala mahali pa kuiweka. Akinunua rejareja, kifungashio kinakaribia kumla faida yote, naye anarudi kwenye chupa iliyookotwa. Si kwamba hajui, ni kwamba hana uwezo. Tunaomba utusaidie tupate chumba kikavu kitakachokuwa stoo ya pamoja ya vifungashio kwa vikundi vyote vya manispaa, ili tuagize mzigo mmoja na kugawana. Tunaomba pia, katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, andiko linaloomba fedha za kununua vifungashio lihesabiwe kuwa andiko la mtaji kamili.

Tunawaomba SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na TBS, shirika la viwango, watukaribie zaidi, waje kuziona bidhaa hapa tulipo kabla hatujachapa lebo, maana lebo iliyokosewa ni hasara na ni taka. Tunaomba sokoni pawe na sehemu moja ya kupokelea chupa za kioo zinazorudi, hata kama ni kreti tu pembeni ya kibanda, na sisi tutakuwa tunazifuata wenyewe.

Ombi la mwisho linakuhusu wewe mwenyewe, Mheshimiwa. Wageni wanaofika ofisini kwako wengi huondoka na zawadi ya asali ya Tabora. Tunaomba asali hiyo ifungwe kwenye kioo, na ile inayotumika kwenye chai ya vikao vya hapa mjini, chupa zake zisitupwe. Meza yetu iko pale kulia, chini ya mwembe. Baada ya hotuba yako tunakuomba upite, ushike kila kifungashio kwa mkono wako, uchane ule mfuko wa kaki mwenyewe, na utuulize maswali yoyote uliyonayo.

Tunaomba kuwasilisha.