Kabla hujarudisha lenzi ya makro

Malalamiko tunayoyapokea dukani kuhusu lenzi za makro, yaani za kupiga vitu vidogo kwa karibu sana, yanafanana karibu neno kwa neno: "Lenzi hii haishiki fokasi." Mteja amekodi au amenunua, Jumamosi ameingia nayo bustanini kupiga nyuki na maua, jioni amefungua picha kwenye kompyuta akakuta zote zina ukungu. Jumatatu yuko kaunta. Tunaipima lenzi mbele yake, na mara nyingi tunaikuta nzima kabisa. Makala hii ni kwa ajili yake, maana hela anayotaka kuongeza ili abadilishiwe lenzi ingemfaa kwa mengine, na kupiga picha za vitu vidogo ni fani tamu mno kuiacha wiki ya kwanza.

Tuanze na swichi. Lenzi nyingi za makro zina swichi ndogo pembeni inayoibana fokasi ya kamera isizunguke safari yote. Kwenye Canon EF 100mm f/2.8L, kwa mfano, swichi ikiwa upande wa 0.5m kwenda mbali, fokasi ya kamera haitashika kitu chochote kilicho karibu zaidi ya nusu mita, hata ubonyeze vipi. Wapigaji wa harusi huiacha hapo kwa sababu inaharakisha fokasi ya sura za watu. Aliyekodi baada yao haijui, anaisogeza kamera kwenye ua, na lenzi inakaa kimya. Irudishe kwenye FULL.

Kama una Nikon za mfululizo wa D3000 au D5000, angalia pia aina ya lenzi uliyochukua. Bodi hizo hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi za zamani kama Micro-Nikkor 60mm f/2.8D zitafanya kazi vizuri tu, ila fokasi utaizungusha kwa mkono. Hilo huwa tunalisema kabla lenzi haijatoka dukani. Na kwa wanaoazima kwa marafiki: neno Micro kwenye lenzi za Nikon ndilo makro ya wengine.

Sasa tuje kwenye sababu yenyewe, ambayo haipo ndani ya lenzi. Makro ya kweli inafika ukuzaji wa 1:1, yaani kitu cha upana wa milimita 36 kinajaa sensa (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) ya fremu kamili kutoka ukingo hadi ukingo. Ukifika karibu hivyo, sehemu inayotoka kali kwenye picha inakuwa nyembamba kuliko wengi wanavyofikiri. Kwa tundu la f/2.8 (tundu ndilo linalopitisha mwanga ndani ya lenzi, na namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo) ni kama milimita 0.3 tu, sawa na karatasi tatu za A4 zilizopangwa pamoja. Kwa f/8 inakaribia milimita 1. Kwa f/16 inakaribia 2. Nyuki mzima hawezi kuingia humo. Jicho litaingia, mabawa yatabaki nje.

Hapo ndipo fokasi ya kamera inaposhindwa, na ndipo mteja anaposhindwa bila kujua. Unabonyeza kitufe nusu, kamera inalia kuwa imepata, kisha unavuta pumzi na mwili unasogea mbele milimita 2. Fokasi ilikuwa sahihi. Wewe ndiye uliyeondoka pale. Kiungo cha kupunguza mtikisiko nacho hakikuokoi kwenye hili. Canon wenyewe wanaitaja 100mm f/2.8L kuwa na uwezo wa stopu 4 (kila stopu ni mara mbili ya mwanga) kwa umbali wa kawaida na 2 tu kwenye 1:1, na hata hizo ni za mtikisiko wa mkono. Haziwezi kukurudisha nyuma mwili ukishasogea.

Dawa yake inawashangaza wengi: zima fokasi ya kamera. Weka MF, yaani fokasi ya mkono, zungusha ringi mpaka ukubwa unaoutaka, halafu usiiguse tena. Kuanzia hapo fokasi ni mwili wako. Bana viwiko mbavuni, au piga goti, au egemea ukuta, kisha sogea mbele polepole sana huku ukitazama jicho la mdudu likianza kung'aa. Weka kamera kwenye upigaji wa mfululizo na upige picha kadhaa wakati unapita ile sehemu kali. Nyingi utazifuta, na ndivyo wazoefu wanavyofanya pia. Kwa vitu visivyotembea, kama pete, sarafu au ua ndani ya nyumba, tumia tripodi na kioo cha nyuma ya kamera, kuza sehemu unayoitaka kwenye kioo, na piga kwa taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera.

Tundu la lenzi tunashauri f/8 hadi f/11. Wengi wakisikia habari ya wembamba wanakimbilia f/22, na picha inakuja laini kote badala ya kuwa kali kote. Sababu ni kwamba kwenye 1:1 mwanga unaofika kwenye sensa unapungua kwa karibu stopu 2, yaani unabaki robo, na f/11 inafanya kazi kama f/22. Ukiweka f/22, unafanya kazi na kitu kama f/44, na mwanga unaopita kwenye tundu dogo hivyo unatawanyika na kula ukali. Kuna wateja wa Nikon 105mm f/2.8 waliotuuliza kama wameuziwa feki, kwa sababu wakisogea karibu kamera inaandika f/4.8. Si feki. Nikon inakuonyesha tundu halisi baada ya hasara hiyo. Canon inaendelea kuandika f/2.8 ingawa hasara ipo vilevile.

Kwa hiyo mwanga ndio utakaokusumbua zaidi ya kitu kingine, na kama una hela ya kifaa kimoja tu baada ya lenzi, nunua flashi. Mmweko wake ni mfupi mno kiasi kwamba mtikisiko wako hauonekani. Weka shata ya sekunde 1/200, f/11, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 200 au 400, na flashi itafanya kazi yote. Lakini usiimulike tupu: mgongo wa mende au siafu unang'aa, utapata doa jeupe lenye ukingo mkali. Mbele ya flashi weka kitu cheupe kinachopitisha mwanga, kikubwa na karibu na mdudu kadiri inavyowezekana. Karatasi nyeupe iliyokunjwa na kufungwa kwa mpira inatosha kuanzia. Tunauza vilivyotengenezwa kiwandani, lakini anza na karatasi kwanza.

Kwa walioko Dar na pwani nzima: toka asubuhi. Upepo wa bahari ukishaanza, kila jani linacheza, na kwenye 1:1 jani likicheza kidogo tu limeshatoka kwenye fremu. Wa Lushoto na nyanda za juu wana bahati zaidi, kwa sababu baridi ya alfajiri huwafanya kerengende na vipepeo watulie na umande mwilini mpaka jua liwapashe. Ukikosa muda wa kutoka, tazama ukutani kwako. Buibui warukaji ni wanamitindo wazuri kuliko wote tunaowajua: wana macho makubwa mbele, na ukiwasogelea hugeuka kukutazama. Kandokando ya Ziwa Victoria yuko mmoja, Evarcha culicivora, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2003, ambaye huwinda mbu walioshiba damu. Mwili wake ni milimita 5 hivi. Mwenye makro na ukuta wa nyumba upande ule ana kazi ya mwaka mzima.

Lenzi ipi ukodi? Inategemea unataka kukaa mbali kiasi gani na unachopiga. Micro-Nikkor 40mm ukiifikisha 1:1 inakaribia kugusa kitu, na kivuli chake kinaziba mwanga. Ni sawa kwa hati na stempu, kwa wadudu hapana. 60mm inatosha kwa pete za harusi na chakula. Kwa kitu chochote chenye miguu au mabawa chukua 90, 100 au 105, ili ubaki na nafasi ya kutosha kutomfukuza. Kama unajaribu tu na tayari una 50mm, kodi kwanza ringi za nyongeza zinazokaa kati ya lenzi na bodi. Ringi ya milimita 36 inaifikisha 50mm kwenye zaidi ya 0.7 ya ukubwa halisi. Chukua zenye pini za umeme, vinginevyo kwenye Canon hutaweza kubadili tundu. Neno "macro" lililoandikwa kwenye zumu za 70-300 lisikupumbaze. Nyingi zinaishia nusu ya ukubwa halisi au chini yake.

Ukifuata yote hayo na bado una wasiwasi, ipime lenzi nyumbani kama tunavyoipima sisi. Laza gazeti mezani, weka kamera kwenye tripodi ikilitazama kwa mshazari wa digrii 45, weka fokasi kwenye mstari mmoja wa maandishi, f/5.6, taima ya sekunde 2. Ukikuza picha, mstari ule uwe mkali na mistari ya mbele na nyuma ififie taratibu. Ikiwa hivyo, lenzi ni nzima. Ikiwa upande mmoja wa mstari ni mkali na mwingine umefifia ingawa kamera imekaa sawa, kuna kioo kimehama, tuletee. Tuletee pia ukiona nyuzi nyembamba kama utando ndani ya vioo: ni kuvu, na unyevu wa Dar unaikuza haraka kwenye lenzi inayolala ndani ya begi la ngozi.

Ukija, njoo na kamera na kadi yenyewe yenye picha zilizokusumbua. Usitutumie kwa WhatsApp kama picha za kawaida, maana zinabanwa njiani na zinapoteza taarifa za shata, tundu na ISO, na hizo ndizo tunazozisoma kwanza.