Zuhura, lile neno lako

Upanga, Dar es Salaam

Rafiki yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mvua imetushika. Barua yako nimeipata, na swali lako la tafsiri limeninyima usingizi. Neno la Kiingereza "assassin", muuaji wa kuvizia watu wakubwa, katika kitabu unachotafsiri usiliandike "muuaji wa kukodiwa", dada. Tafadhali sana.

Kiini chake ni Kiarabu: hashishi, jamaa yake bangi. Mwaka 1090 Hasan-i Sabbah aliitwaa ngome ya Alamut, milimani kaskazini mwa Iran, ikawa kimbilio la Waismailia wa Nizari, tawi la Washia, waliokuwa wakiandamwa na Waseljuki, watawala wa Kituruki. Jeshi la kukabiliana nao uwanjani hawakuwa nalo, basi wakamtuma mtu mmoja na jambia. Nizam al-Mulk, waziri wa Waseljuki hao, alichomwa jambia mwaka 1092 na mtu aliyejifanya mcha Mungu wa Kisufi. Damu ilimwagika kweli, hilo silifichi. Lakini watu hao wenyewe kwa wenyewe waliitwa fidai. Lisikilize vizuri: ni mzizi ule ule wa fidia yetu! Mtu anayekwenda akijua roho yake ndiyo malipo, hukodiwa na nani?

"Wavuta hashishi" lilikuwa tusi la mahasimu wao Waislamu, kama huku mtu anavyoitwa mvuta bangi na hakuna aliyemwona na msokoto. Wapiganaji wa Msalaba, Wakristo wa Ulaya waliokuja kuipigania Yerusalemu, wakalibeba kwao wakidhani ni jina. Marco Polo, msafiri wa Venice, akaja na hadithi ya bustani na kinywaji cha kulevya, na wakati huo Alamut ilikuwa imeshaangushwa na Wamongolia tangu 1256, vitabu vyake vingi vimechomwa moto. Nani angebaki kujibu?

Linaniuma kwa sababu jirani yetu wa ghorofa ya chini, yule aliyetupikia wiki nzima mama alipolazwa, ni Mwismailia. Kila jioni namwona akienda jamatkhana, nyumba yao ya ibada. Neno hili liliokotwa kwenye matusi waliyotupiwa watu wa madhehebu yake.

Basi ukifika sura ya Alamut andika "fidai", ueleze mara moja inatosha. Kwenye sura ya Mzee Karume, ile 7 Aprili 1972, andika "aliuawa kwa kupigwa risasi". Msomaji wetu hahitaji neno la pekee ili aelewe uzito wa siku ile.

Nitumie sura hizo mbili kabla hazijaenda kwa mchapaji. Wasalimie watoto.

Wako,
Mwanaidi