Mmewapa grenda, miwani iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini habari yako ya vijana wa hapa Kigoma Ujiji waliokabidhiwa mashine za kuchomelea na grenda za mkopo imenishinda. Bila shaka unaikumbuka picha yake. Mgeni rasmi anatabasamu, na mbele yake kijana anachomelea geti akiwa amevaa miwani ya jua, ile ya mnadani. Mgeni rasmi hakuona kasoro, mpiga picha hakuona, na nyie mkaichapa.

Mtoto wa dada yangu alikuwa anajifunza ufundi kwenye karakana moja ya mtaa wa Mwanga, hapa hapa mjini. Siku hiyo alikuwa anakata nondo kwa grenda, ile mashine ya jiwe la kuzunguka, macho wazi. Jiwe la grenda ndogo huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na kinachoruka pale ni chuma cha moto. Kipande kikamwingia jicho la kulia. Fundi wake akamwambia afumbe macho, kitatoka chenyewe. Kilipokataa, mwenzake akakichokoa kwa njiti ya kiberiti. Jioni ikaja ncha ya kanga, usiku yakaja maziwa ya mama anayenyonyesha, asubuhi matone ya duka la dawa ambayo muuzaji aliyatoa bila hata kulitazama jicho lenyewe. Tulipofika hospitali siku ya tatu, chuma kilikuwa kimeshashika kutu na kuacha duara la kahawia kwenye kioo cha mbele cha jicho. Daktari alikitoa, akanionyesha kwenye pamba: kadogo kuliko punje ya ulezi. Kidonda kilikuwa kimeshaingia wadudu. Leo pana kovu jeupe mbele ya mboni, na jicho lile linaona ukungu tu. Fundi wake anasema ilikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya ipi, wakati miwani nyeupe ya plastiki iliyoziba pembeni ingekizuia kipande kile, na bei yake haifiki hata robo ya bei ya grenda?

Mwanga wa kuchomelea nao una yake. Unaunguza jicho kimyakimya. Kijana anamaliza kazi mzima, usiku wa manane ndipo anaamka analia, machozi yanamtoka, anahisi mchanga machoni. Miwani ya jua haiuzuii mwanga huo. Kinachotakiwa ni kinyago chenye kioo cheusi chenye namba ya ukali wa giza lake, kwa kawaida 10 kwenda juu kwa mashine ya umeme, na ndani yake miwani nyeupe, kwa sababu fundi hukiinua kinyago anapogonga ganda la moto juu ya mshono, na ganda hilo huruka. Halafu karakana zetu ziko kando ya barabara, wanafunzi wanasimama kutazama cheche, na hakuna aliyeweka hata turubai.

Nikirudi kwa hayo maduka ya dawa: kuna matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yanauzwa ovyo. Wekundu unapungua, mtu anadhani amepona, kumbe kidonda chenye wadudu kinazidi kula jicho. Nani anayakagua? Na akina mama wanaopika sabuni ya mawese wanakoroga kostiki soda uso wazi. Ile ikiruka jichoni ni maji safi mengi papo hapo, nusu saa nzima, ndipo hospitali. Nani amewaambia?

Najua nitajibiwa kwamba sheria ipo. Ni kweli, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga. Lakini kijana aliyekopeshwa mashine pamoja na kikundi chake hana mwajiri. Mwajiri wake ni nani kama si huyo huyo aliyemkabidhi mashine mbele ya kamera?

Basi kila grenda ya mkopo ifungiwe miwani miwili kwa waya kwenye mpini kabla hotuba haijaanza, na mgeni rasmi avae ya kwake kwanza. Maduka ya vifaa vya ujenzi yasitoe risiti ya grenda bila miwani. Karakana za barabarani ziweke turubai upande wa njia kabla shule hazijafunguliwa. Na wewe Mhariri, picha nyingine ya namna ile ikifika mezani kwako, irudishe.

Msomaji wako,
Gungu, Kigoma