Mwajiri asiharakishe kupokea barua ya mgonjwa wa saratani

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie habari mliyochapisha kuhusu wafanyakazi wanaoacha kazi mara tu wanapoambiwa wana saratani. Wapo wanaoandika barua ya kuacha kazi wiki ileile ya majibu, daktari hata hajapanga matibabu. Uamuzi huo huandikwa na hofu, na kuutengua ni kazi kubwa: mshahara umekatika, na kama bima ya afya ililipiwa na mwajiri, nayo imekwenda wakati ndipo inapohitajika.

Matibabu yenyewe yana ratiba. Kemotherapi, yaani dawa za kuua seli za saratani, aghalabu hutolewa kwa mizunguko ya wiki 2 au 3. Mionzi mara nyingi ni siku 5 kwa wiki, dakika chache kila siku. Kuna siku mtu hainuki kitandani, na kuna siku anafanya kazi asubuhi nzima. (Wapo wasioweza kabisa, na hao wasidaiwe ushujaa.) Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema wazi kwamba kukosekana kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kwa nini basi mgonjwa ajiachishe mwenyewe?

Napendekeza ofisi za utumishi zisiipokee barua hiyo kabla ya kukaa na mhusika, ratiba ya hospitali ikiwa mezani, na kuangalia kwanza likizo ya ugonjwa, saa pungufu au kazi nyepesi. Akisisitiza kuondoka, alipwe stahiki zake zote.

Msomaji wenu