Kukosa mtihani sio kufeli

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Hivi kweli mwanafunzi akilazwa hospitali siku ya mtihani wa mwisho apewe sifuri sawa na yule aliyeamua tu kutokwenda? Mi naona sio haki kabisa. Sifuri inasema hajui kitu, wakati ukweli ni kwamba hajapimwa. Ndo maana vyuo vingi vina alama ya I, yaani matokeo hayajakamilika, ili mtu aje afanye mtihani maalum baadae na uhesabiwe kama mara ya kwanza. Shida inakuja pale anapochanganywa kwenye sapu, ule mtihani wa marudio, na waliofeli, na sapu sehemu nyingi hata ukipata 80 unaandikiwa C, sasa jamani kosa lake nini, kuumwa? Halafu eti cheti cha daktari kiletwe ndani ya siku mbili tatu na mtu mwenyewe bado yuko kwenye dripu, nani atamkimbizia hiyo karatasi? Waongo wapo, sikatai, ila barua ya hospitali inahakikiwa kwa simu moja tu. Wakuu wa vyuo waandike wazi kwenye kanuni, kabla semista haijaanza, nani anapewa I na ana muda gani.

Mzazi wa mwanafunzi